Umerudi Tanga, Basi Toka Nje

Wiki ya kwanza ni ya kupokewa. Shangazi analeta mkate wa kumimina, jirani anamtuma mtoto na bakuli la samaki wa kupaka, na kila apitaye anapiga hodi kukupa pole ya safari. Wiki ya pili hodi zinapungua. Ikifika ya nne umekaa sebuleni unatazama taarifa ya habari ileile uliyokuwa ukiitazama Dar es Salaam, na simu yako imejaa makundi ya watu walio kilomita 350 kutoka hapo. Wengi wanaorudi Tanga baada ya miaka ya kazi Dar, Mwanza au Muscat hukwama papo hapo. Nyumba imejengwa, ukuta umepandishwa, geti limefungwa, na mwenye nyumba hajui hata jina la kijana anayemletea mkaa.

Mwongozo huu ni wako ikiwa umerudi kukaa: mstaafu wa miaka 55 au 60, mama aliyekuja kumuuguza mzazi akabaki, kijana aliyeacha ajira akaja kufungua duka. Rai yangu ni moja, na mengine yote yanatoka humo. Furahi na watu kabla hujawasaidia, na utakapoanza kusaidia, shika kwanza kazi unayopangiwa na wenyeji. Ile ya kwako, yenye jina zuri na fulana zilizochapishwa, ingoje.

Jitambulishe upya

Usidhani unajulikana. Waliokujua wamezeeka, wamehama au wamezikwa, na waliobaki wana picha yako ya kaptura za shule. Jioni moja ya wiki ya kwanza nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 27, 2024, kwa hiyo uliyemzoea huenda si yeye tena. Mwambie umerudi, unakaa nyumba gani, na uandikishwe kwenye daftari la wakazi. Si adabu peke yake: siku utakapotaka kujitolea shuleni au hospitalini, kitu cha kwanza utakachoulizwa ni barua ya utambulisho kutoka mtaani, na mwenyekiti anayekujua haiandiki kwa shaka.

Kwa majirani, jitambulishe kwa wazazi wako, achana na kazi uliyokuwa ukifanya. "Mimi mtoto wa marehemu Bi Fulani, nyumba ile ya mwembe, Barabara ya Kumi na Tano." Ngamiani nzima imepangwa kwa barabara za namba, na namba hiyo pamoja na jina la mama vinafungua mlango ambao kadi ya biashara haiufungui. Ukisema ulikuwa meneja wa kanda, mazungumzo yatageuka kuwa ya maombi ya ajira.

Na shikamoo zitakusumbua kidogo. Wale uliowaacha wachanga wanakuamkia wewe, sawa, lakini fundi baiskeli aliyekuwa kaka mkubwa wa mtaa enzi zako bado ni kaka mkubwa. Mwamkie, hata kama cheo chako kilikuzoesha kuamkiwa. Vijana watakuita babu au bibi kabla hujawa tayari. Itikia tu.

Kahawa, uani na Mkwakwani

Kwa mwanamume, njia fupi ya kurudi mjini ni kahawa. Baada ya alasiri, na tena baada ya isha, muuza kahawa huweka birika lake la shaba juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo visivyo na mkono vimezama kwenye ndoo ya maji, na pembeni sahani ya kashata. Mtu akija anatoa salamu kwa wote, anatafuta nafasi mwisho wa benchi, na kikombe kinamfikia bila kuagiza. Anakunywa kwa vifunda vitatu vinne, anarudisha, anajaziwa. Hesabu iko kichwani mwa muuzaji, naye hakosei.

Hapo pana kanuni zisizoandikwa. Simu ibaki mfukoni. Siku za mwanzo sikiliza zaidi ya unavyosema, hasa wanapozungumzia kiwanja chenye mgogoro au ndoa ya mtu, kwa sababu hujui nani ni shemeji wa nani. Kuwalipia wote mara moja, siku ya kwanza, ni ukarimu. Ukiwalipia kila siku, ndani ya mwezi umegeuka bosi, na bosi haambiwi ukweli. Kama kuna bao au drafti, kaa utazame hadi uitwe. Wachezaji wa bao wa Tanga hawana huruma na mgeni, na kufungwa hadharani na mzee wa miaka 80 ni ada ya kiingilio kama ada nyingine.

Ukikosa la kusema, kuna mpira. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walikuwa mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, na utakuta wazee wanaokumbuka kikosi kile jina kwa jina. African Sports, Wana Kimanumanu, wana watu wao vilevile, wasiopenda kusahauliwa. Nenda Uwanja wa Mkwakwani siku ya mechi hata kama hupendi mpira. Kaa jua linakochoma na wenzako, nunua karanga. Dakika 90 za kulalamikia mwamuzi pamoja zinajenga urafiki kuliko mwaliko wa chakula. Ila usije ukashinda unazungumza Simba na Yanga tu, utaonekana bado uko Kariakoo.

Mwanamke aliyerudi ana njia nyingine, na kwa maoni yangu ina raha zaidi. Baraza lake liko uani, kwa msusi, kwenye kikoba cha Jumapili na kwenye shughuli. Huu ndio mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyotia magitaa na besi kwenye taarab, na Shakila Saidi aliimba na Black Star kabla jina lake halijaenea nchi nzima. Shughuli ya Tanga kwa hiyo si kitu cha kuhudhuria kwa kuchungulia saa ya kula. Ukialikwa arusi, uliza sare ni ipi, nunua kitambaa mapema ushone, uende na wenzako, utunze kidogo wimbo ukikugusa. Sare ghali kupita kiasi una haki ya kuikataa: vaa doti yako ya khanga safi, fika mapema, saidia kupakua. Hakuna atakayekumbuka gauni lako, lakini waliosimama jikoni wanakumbukwa.

Wakristo wana jumuiya ndogondogo, kwaya na mikutano ya akina mama. Hizi ni rahisi kwa anayerudi, maana zinazunguka nyumba kwa nyumba na zamu yako itafika tu. Usiombe zamu ya kwanza. Pokea wageni wako baada ya kuwa umekaa kwenye mikeka ya wenzako.

Matembezi

Hapa wengi hukosea kwa kufanya makubwa. Wanakodi kosta sikukuu ya Idi, wanachinja mbuzi ufukweni, wanalipia ukoo mzima, kisha mwaka mzima hawatoki tena kwa sababu gharama imewatisha. Bora tembezi dogo la kila wiki lenye siku yake maalumu, ambalo kila mtu anajilipia, kuliko sherehe moja inayokuacha na deni.

Nunua baiskeli. Tanga ni tambarare, na mji huu umejulikana kwa baiskeli tangu zamani. Mzee anayeendesha polepole jioni kwenda Raskazone haonekani kituko kama ambavyo angeonekana Dar. Ukiwa juu ya gari unapita watu, na juu ya baiskeli unasalimiwa. Kama magoti hayataki, tembea kwa miguu hadi Bustani ya Jamhuri, ukae ukitazama bandari na Kisiwa cha Toten mbele yako. Nenda na mtu mmoja, chukua na machungwa ya Muheza.

Kwa kuogelea, tazama mwezi kabla hujatazama saa. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hupwa mbali sana na kujaa sana, na anayefika saa mbovu atakuta matope na kaa. Kati ya kupwa na kujaa ni kama saa sita na ushee, kwa hiyo ukijua ya leo unaweza kukisia ya kesho kwa kuongeza dakika 50 hivi. Mvuvi yeyote atakwambia bure. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni joto na bahari tulivu. Masika ya Machi hadi Mei huharibu mipango mingi, na kusi linapovuma katikati ya mwaka hewa ni nzuri lakini bahari huchafuka.

Ukitaka safari ya nusu siku, yako Mapango ya Amboni, kilomita kama nane kaskazini mwa mji kwenye njia ya Horohoro. Utashangaa ni wangapi waliozaliwa Tanga hawajawahi kuingia. Nenda na watoto wa ndugu zako. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, maana mawe yanateleza, beba tochi yako hata kama mwongozaji anayo, na umwachie yeye hadithi za Osale Otango na Paulo Hamisi, wanaosimuliwa kuwa walijificha humo enzi za mkoloni. Chemchemi za maji moto za Galanos ziko upande huohuo, zikinuka salfa. Wazee wenye viungo vya kuuma huzipenda.

Upande wa kusini, barabara ya Pangani, kuna safari ninayoipenda kuliko zote. Machui ndiko alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962, na Vibambani, hapo jirani, ndiko alikozaliwa 1909. Ukiendelea kufika kilomita kama 18 kutoka mjini uko Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya mji uliokuwa ukiishi kwa bahari karne nyingi kabla ya Tanga ya leo kuwa mji wa mkonge. Kodi bajaji ya siku nzima mkiwa watatu, mgawane nauli, mchukue bada na mchuzi wa papa kwenye hotpoti. Mmoja wenu awe mtu asiyejua kusoma vizuri au mzee asiyeona, na mmoja amsomee shairi la Shaaban Robert pale Machui. Hapo starehe na kujitolea vinafanyika kwa nauli moja.

Pangani yenyewe, kilomita kama 50, inahitaji siku nzima. Kisiwa cha Maziwe huonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa, kwa hiyo nahodha ndiye anayepanga saa. Kasa hupanda kisiwani kutaga, na mayai huhamishiwa Ushongo ili yasizame. Ukibahatika kufika huko siku ya kuanguliwa, utawaona wadogo wakikimbilia maji.

Msibani ndiko kazi iliko

Sasa tuje kwenye kujitolea, na nitaanza mahali ambapo hakuna fomu ya kujaza. Ukitaka kujua mtaa wako unaendeshwa na nani, usiende ofisini. Nenda msibani.

Turubai limefungwa, majamvi yametandikwa, wanaume wamekaa nje na wanawake wako ndani. Mtu aliyezoea mijini atafika, atatoa ubani wake, ataketi robo saa kwenye kiti cha plastiki na kuondoka. Amefanya sawa, hajakosea chochote, na hakuna aliyemwona. Lakini tazama meza ndogo karibu na mlango. Hapo amekaa kijana au mzee na daftari la mistari, anaandika jina, anaandika kiasi, anakunja noti na kuitia kwenye mfuko wa khaki. Mwingine pembeni anahesabu tena. Jioni daftari linasomwa mbele ya wafiwa, jumla inatajwa, na gharama zinatajwa: sanda, usafiri, mchele, mafuta. Kazi hii ndogo ndiyo inayolinda heshima ya mtaa mzima, na wanaoifanya hawachaguliwi kwa bahati.

Usiombe daftari. Omba maji. Siku zote msibani maji hayatoshi: ya kunawa, ya kupikia, ya kuoshea maiti, ya kuoshea vyombo. Mwenye gari la kubeba madumu matano au kumi, akasema "Mzee, mimi nitaleta maji asubuhi", ameingia kwenye kikosi. Mwingine avute turubai, mwingine abebe majamvi kutoka msikitini au viti kutoka kanisani, na kuvirudisha, kwa sababu kupeleka watu ni wengi, kurudisha ni wachache. Kuchimba kaburi waachie wenye nguvu na ujuzi, lakini beba jembe hadi makaburini hata kama hutalitumia. Wanawake nao wanajua: kumenya kitunguu saumu cha ndoo nzima, kuchambua mchele, kukaa na mfiwa usiku wa pili wengine wakiwa wamekwenda kulala. Usiku wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, na ndio usiokuwa na watu.

Baada ya misiba kadhaa utasikia jina lako likitajwa bila kuwepo: "Mwambieni Fulani, ana gari." Hapo ndipo utajua umeingia. Na ndipo, kama una wazo lako, utakapolisema na kusikilizwa. Kabla ya hapo wazo zuri likitoka kwa mgeni huonekana kama lawama.

Naweka msiba mbele ya miradi kwa sababu nyingine pia. Miradi ya waliorudi hufa mwanzilishi akichoka au akirudi Dar kwa matibabu. Misiba haifi. Ukiifanyia kazi umeingia kwenye kitu kilichokuwepo kabla yako na kitakachokuwepo siku utakapobebwa wewe.

Damu, darasa na ufukwe

Ukishajulikana, zipo kazi za kujitolea zenye utaratibu wake. Nitasema kwa urefu zile ninazoona zina faida zaidi kwa muda mfupi wa mtu.

Ya kwanza ni damu. Uko kati ya miaka 18 na 65, uzito wako haupungui kilo 50, na una afya? Nenda Hospitali ya Bombo, uulize kitengo cha damu salama. Utapimwa wingi wa damu kwa tone la kidoleni, utaulizwa maswali ya wazi kuhusu maradhi na dawa, kisha utatoa mfuko mmoja, kama mililita 450. Kazi nzima haimalizi saa moja. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri, na hata aliyetoka kuugua malaria asubiri hadi aambiwe yuko sawa. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu siku 35 hadi 42 tu, kutegemea mfuko uliotumika. Ndiyo maana umati unaojitokeza siku ya uchangiaji damu duniani, Juni 14, haumsaidii mama anayejifungua Oktoba. Wanaohitajika ni watu wachache wanaorudi bila kuitwa. Umepita miaka 65? Wewe ndiye wa kuwakumbusha. Andika majina ya vijana kumi wa barazani na tarehe zao, uwapigie zikifika. Kalenda ya ukutani inatosha.

Ya pili ni darasa. Watoto wa darasa la kwanza na la pili hujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, wenyewe wanaita KKK, na darasa likiwa na watoto wengi, anayebaki nyuma huwa habanduki hapo. Mwalimu hahitaji umfundishe kazi. Anahitaji mtu mzima wa kukaa na watoto watano chini ya mti na kuwasikiliza wakisoma kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, nusu saa, mara moja kwa wiki, siku ileile. Nenda kwa mwalimu mkuu na barua yako ya mtaa, naye atakueleza nani mwingine aarifiwe. Kubali masharti: kaa mahali pa wazi panapoonekana, usimchukue mtoto nyumbani, usipige picha za kurusha mtandaoni. Usianze kama huwezi kumaliza muhula. Mtoto aliyezoea Jumatano yako akikaa chini ya mti akakukosa wiki tatu mfululizo, amejifunza kitu ambacho hukukusudia kumfundisha.

Ya tatu ni usafi wa ufukwe. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni siku ya usafi nchi nzima, kwa hiyo tarehe huhitaji kuibuni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na imepungua kweli, lakini chupa, ndala, vipande vya nyavu na vifungashio bado vinaletwa na kila bamvua. Kuokota ni rahisi. Tatizo ni taka hizo ziende wapi. Nimeona viroba vimepangwa vizuri mchangani, picha zimepigwa, watu wamekwenda kunywa soda, na maji yalipojaa yakavirudisha vyote baharini. Ongea kwanza na afisa afya wa kata kuhusu gari, upate siku na saa, halafu ndipo uwaite watu. Wavuvi wana vikundi vyao vya kusimamia pwani, wanaviita BMU. Wasipohusishwa, unafagia uwanja wa mtu bila kubisha hodi.

Mikoko nayo inapendwa sana na wanaotaka picha. Nasema wazi: usipande mikoko kwa kukisia. Mlilana huvumilia upande wa bahari, mkandaa hutaka nyuma panapofunikwa na maji kwa nadra, na ukichanganya, miche elfu hufa ndani ya msimu mmoja. Misitu ya mikoko iko chini ya serikali, kwa hiyo Wakala wa Huduma za Misitu ndio wa kuwauliza, na wazee wa kijiji kilicho jirani ndio wanaojua mahali palipokuwa na mikoko zamani. Mara nyingi ukiizuia isikatwe, inajiotea yenyewe. Pwani hii, tusisahau, ina Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa 2009 kwa ajili ya samaki ambaye wataalamu waliwahi kudhani ametoweka tangu zama za dinosaria. Inastahili zaidi ya picha.

Msalaba Mwekundu, maktaba ya mkoa, timu za watoto: kote huko kuna nafasi. Chagua moja. Aliyejiandikisha kote huonekana kwenye ufunguzi tu.

Mfuko wako

Umerudi, kwa hiyo una pesa. Ndivyo itakavyodhaniwa, na kukana hakusaidii. Zitakuja kadi za michango ya arusi, ada za watoto wa binamu, paa la msikiti, vifaa vya kwaya. Weka kiasi cha kutoa kwa mwezi, ukitenge mwanzoni kama unavyotenga umeme, na kikiisha sema kimeisha. "Mwezi huu nimefika mwisho, niwekeni mwezi ujao" ni jibu la adabu na watu hulielewa. Kinachoudhi ni ahadi isiyotimizwa, na zaidi ya hapo ni anayetoa huku akitangaza.

Mwaka wako wa kwanza usikubali uweka hazina wa chochote. Utaombwa, kwa sababu unaonekana huna njaa. Kataa kwa upole, pendekeza mwenyeji anayeaminika, wewe uwe wa kuhesabu mara ya pili. Na kama siku moja utalazimika kushika, fedha zipokewe na watu wawili, ziandikwe palepale, na jumla isomwe kwa sauti kabla kikao hakijaachana. Namba ya simu ya kupokelea michango isiwe yako binafsi, hata kwa siku moja.

Linda pia mwili wako. Kuna waliostaafu wakahudhuria kila kikao hadi shinikizo la damu likawaketisha. Wiki iwe na siku mbili ambazo huonekani popote, na familia ijue hivyo. Aliyerudi kumuuguza mama yake asijione mvivu kwa kutoka saa mbili tu kwa wiki. Mama akibaki na mtu wa kuaminika, saa hizo mbili za kahawa au za kikoba ndizo zitakazomwezesha kumbeba mama mwaka mzima.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, ile ya usafi, haiko mbali. Mpigie mwenyekiti wako leo, umuulize mtaa unakutana wapi na saa ngapi, na siku hiyo ufike na fagio lako mwenyewe.